Nani alilipia picha ile?

Hotuba hii niliitoa Arusha, Jumamosi asubuhi, mbele ya wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa na wakazi waliokaribishwa. Walioshindwa kufika wameniomba niiweke, nami naiweka yote kama nilivyoisema. Nimeacha picha nilizoonyesha ukutani, pamoja na zile dakika kumi umeme ulipokatika tukabaki kuimba.

Mwenyekiti wa mkutano, walimu, wazee wangu, ndugu zangu: itifaki imezingatiwa. Wazee, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mbona mnaitika kama mnaodaiwa ada? Hamjambo! Haya, sasa nimesikia.

Nianze na mtu aliyesimama majini.

Novemba 2021 dunia ilikusanyika Glasgow, kule Uskoti, kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi. Wakubwa walipanda jukwaani mmoja mmoja, kila mmoja na dakika zake na hotuba yake, na hotuba zote zilifanana kama mabasi ya kampuni moja. Kisha ikaonyeshwa video ya Simon Kofe, waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu. Amevaa suti na tai, mbele yake meza ya kuhutubia, nyuma yake bendera. Kawaida kabisa. Halafu kamera ikarudi nyuma taratibu. Kumbe yuko baharini! Suruali ya suti ameikunja, maji yako magotini, na ile meza nayo imo majini. Mahali alipokuwa amesimama palikuwa nchi kavu hapo zamani.

Tuvalu ni visiwa tisa katika bahari ya Pasifiki. Eneo lake ni kilomita za mraba 26, watu wake kama 11,000. Ziko kata hapa Arusha zenye watu wengi kuliko nchi ile nzima. Lakini wiki ile gazeti gani halikuitoa picha yake? Na ninyi hapa, wangapi mliiona? Inueni mikono. Mnaona? Sasa niambieni jina la waziri mwingine yeyote aliyehutubia Glasgow mwaka ule. Mmoja tu. Kimya.

Nimefanya kazi ya ofisi za ubalozi miaka mingi, na mingi kati ya hiyo nilikuwa ofisa mdogo, yule wa kubeba makabrasha na kukaa kiti cha nyuma ya balozi. Kiti cha nyuma kina faida yake. Unaona nani akiongea watu wanaandika, na nani akiongea watu wanakumbuka kwamba hawajanywa kahawa. Kwa karatasi, wanachama wote 193 wa Umoja wa Mataifa wako sawa, kila nchi kura moja. Hata viti vya Baraza Kuu hupangwa kwa bahati nasibu: inachaguliwa nchi ya kukaa kiti cha kwanza, wengine wanafuata kwa mpangilio wa herufi. Basi unaweza kukuta kisiwa kimekaa mbele kabisa, na dola kubwa iko kule karibu na mlango. Lakini kukaa mbele ni jambo moja, kusikilizwa ni jingine.

Nchi ndogo haina manowari. Haina benki ya kuwakopesha wenzake, haina soko ambalo ikilifunga mtu atalala njaa. Ina jina lake tu, yaani ile sura inayokujia kichwani jina lake likitajwa. Na wasomi wetu wameshaandika vya kutosha kwamba sura hiyo ni nguvu. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba wanaiongelea kama vile inaokotwa barabarani. Mimi naona sura ya nchi ni kama hundi. Ukiiandika bila fedha benki, inarudi, na inarudi mbele za watu. Kwa hiyo leo nina swali moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: nani alilipia picha ile?

Mtasema ile ya Tuvalu haikugharimu kitu. Kamera, meza, suruali kukunjwa. Subirini.

Katika miaka yangu ya New York nilimfahamu dada mmoja wa ujumbe wa kisiwa fulani cha Pasifiki. Ubalozi wao ulikuwa na watu watatu. Baraza Kuu lina kamati kuu sita, na zote hukaa msimu mmoja. Watu watatu, kamati sita! Dada yule alitembea na begi lenye jozi mbili za viatu: vya kisigino vya kuingilia ukumbini, na raba za kukimbilia kutoka ukumbi hadi ukumbi. Akifika amechelewa ananikalia pembeni, ananong'ona, “Kaka, wamefika aya ya ngapi?” Namwonyesha, ananakili, zamu yake ikifika anaongea kana kwamba alikuwapo tangu asubuhi. Kisha raba, mbio. Nimemwona akifanya hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikuwahi kumwona kwenye gazeti.

Kwa nini namtaja? Kwa sababu mwaka 1991 Vanuatu, nayo ni nchi ya visiwa ya Pasifiki, ilipendekeza kwa niaba ya muungano wa visiwa vidogo kwamba uwepo utaratibu wa kuwafidia watakaoharibiwa makazi na bahari inayopanda. Ndugu zetu wa Komoro na Shelisheli wamo kwenye muungano huo. Wakubwa wakasema wazo zuri, tutalitazama. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa lini? Mwaka 2022, Sharm el-Sheikh. Piga hesabu mwenyewe. Miaka 31! Picha ya Kofe ilizunguka dunia kwa siku moja, lakini ilitua juu ya miaka thelathini ya akina dada wenye raba kwenye begi. Bila wao ingekuwa kichekesho cha mtu mwenye tai aliyeloa.

Tuvalu yenyewe iliingia Umoja wa Mataifa mwaka 2000 tu. Na mnajua ada ya uanachama na gharama za kuwa na ofisi kule zilisaidiwa na nini? Herufi mbili. Anwani za intaneti za nchi ile zinaishia na .tv, na kampuni za televisheni duniani zinazitaka. Wakazikodisha. Taifa limeingia kwenye baraza la dunia kwa kukodisha herufi! Nawapenda watu wale.

Lakini msikilize na upande wa pili. Novemba 2023 Tuvalu ilitia saini mkataba na Australia. Raia 280 wa Tuvalu wataruhusiwa kila mwaka kuhamia Australia, na Australia imeahidi kuisaidia ikipatwa na maafa au ikishambuliwa. Kwa upande wake, Tuvalu ikitaka ushirikiano wa usalama na nchi nyingine, lazima kwanza ikubaliane na Australia. Mwaka 2025 walipofungua bahati nasibu ya kwanza ya viza, zaidi ya theluthi moja ya wananchi walijiandikisha katika siku za mwanzo tu. Waziri akisimama majini, dunia inampigia makofi. Mwananchi akisimama majini, anatafuta pa kwenda. Siwalaumu hata kidogo. Nasema muwe na picha zote mbili kichwani, ile ya Glasgow na hii ya foleni ya viza.

Sasa nisogee nyumbani kwenu. Mnapajua AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa? Swali gani hilo. Majengo yale mnayapita kila siku, na nina hakika nusu yenu mmeingia mle kwa harusi au mahafali tu. Kwa karibu miaka ishirini mle ndani ilikaa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Baraza la Usalama liliiunda Novemba 1994, ikafunga kazi mwisho wa 2015. Humo, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Arusha hii! Vijana wengi hapa mlikuwa hamjazaliwa, na wazazi wenu walikuwa na shughuli ya kuwapangishia nyumba watumishi wa mahakama kwa dola.

Miongoni mwa wapangaji hao walikuwamo Wagambia. Hassan Bubacar Jallow, mwendesha mashtaka mkuu kuanzia 2003 hadi 2015. Fatou Bensouda, aliyepita hapa kabla ya kwenda The Hague kwenye ile ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kwa Wakenya waliomo ukumbini sina haja ya kumtambulisha. Mnacheka? Haya. Na mwanasheria mmoja kijana, Abubacarr Tambadou, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alifanya kazi upande wa mashtaka, siku baada ya siku, kwenye ushahidi wa mambo ambayo ukiyasikia mara moja hulali.

Gambia ni ukanda mwembamba wa nchi kando ya mto, umezungukwa na Senegal pande zote isipokuwa baharini. Kilomita za mraba kama 11,000. Mkoa wenu wa Arusha ni mkubwa kuliko nchi ile mara tatu. Na sura yake duniani ilikuwaje? Kwa miaka 22 sura yake ilikuwa Yahya Jammeh. Aliingia kwa mapinduzi 1994. Alidai ana dawa yake mwenyewe ya kutibu ukimwi. Waandishi na wapinzani waliuawa, wengine walipotea. Oktoba 2016 serikali yake ikatangaza kujitoa ICC, ambako mwendesha mashtaka mkuu alikuwa Mgambia mwenzao! Desemba ileile akashindwa uchaguzi, akakataa kutoka, na Januari 2017 akaondoka baada ya majeshi ya majirani kuingia. Serikali mpya ikafuta uamuzi wa kujitoa ICC. Tambadou akarudi kwao, akawa waziri wa sheria.

Mei 2018 Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, OIC, ilifanya mkutano wa mawaziri wa mambo ya nje mjini Dhaka, Bangladesh. Waziri wa Gambia akashindwa kwenda, akatumwa Tambadou badala yake. Wajumbe wakapelekwa kwenye kambi za Cox's Bazar, walikokimbilia Warohingya, jamii ya Waislamu wachache, zaidi ya 700,000 kutoka Myanmar tangu Agosti 2017. Akakaa nao, akawasikiliza. Na alieleza baadaye kwamba aliyoyasikia yalikuwa yaleyale ya Rwanda: kupangwa kule, maneno yale ya kuwafanya watu si watu.

Hebu fikirini kidogo. Wajumbe wangapi walipita katika kambi ile? Wengi sana. Wote waliona taabu, wakahuzunika, wakapigwa picha, wakapanda ndege. Huyu alitambua. Daktari aliyewahi kuuguza kipindupindu hahitaji kuelezwa mara mbili. Na masikio yale yalifundishwa wapi? Hapa, kilomita mbili tatu kutoka ukumbi huu.

Tarehe 11 Novemba 2019 Gambia ikaishtaki Myanmar kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa kuvunja mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari. Mwezi uliofuata akaja Aung San Suu Kyi mwenyewe, kiongozi wa serikali yao na mshindi wa Nobel ya amani ya 1991, kuitetea Myanmar. Upande mmoja mwanamke ambaye dunia ilimfanya kama mtakatifu. Upande wa pili waziri kutoka nchi ambayo baadhi ya waandishi ukumbini ilibidi kwanza waitafute kwenye ramani. Tarehe 23 Januari 2020 majaji wote 17, kwa kauli moja, wakaiamuru Myanmar ichukue hatua za kuwalinda Warohingya wakati kesi inaendelea.

Myanmar iliuliza swali ambalo jirani yeyote mkorofi angeuliza: Gambia, wewe inakuhusu nini? Hamna mpaka nasi, hakuna Mgambia aliyeguswa. Tena wakasema mlalamikaji hasa ni OIC, Gambia imetangulizwa mbele tu. Na tusidanganyane, OIC ilisaidia fedha, na mawakili wa kampuni ya Marekani waliajiriwa. Lakini Julai 2022 mahakama ikayakataa mapingamizi yale: nchi yoyote iliyomo kwenye mkataba ina haki ya kudai uheshimiwe. Desemba 2023 Afrika Kusini ikapita katika mlango huohuo kuishtaki Israel.

Sasa swali letu. Nani alilipia?

Mwaka uleule wa 2019, Januari, Gambia ilianza vikao vya tume ya ukweli juu ya enzi ya Jammeh, na Tambadou ndiye waziri aliyeisimamia kuundwa kwake. Vikao vikarushwa moja kwa moja. Watu walikaa na redio na simu zao wakiwasikia askari wa kikosi cha mauaji wakisimulia kwa majina nani walimuua, wapi, na kwa amri ya nani. Mama alikuwa anasikia redioni jinsi mwanawe alivyokufa. Hiyo ndiyo bei. Nchi iliyokuwa inaanika matambara yake machafu uani kwake, mchana kweupe, ndiyo iliyokwenda The Hague kusema habari za uani kwa mwenzake. Angekwenda Jammeh na karatasi zilezile, na mawakili walewale, watu wangecheka mpaka machozi.

Kwa kumalizia habari ya Tambadou: mwaka 2020 alirudi kwenye kazi za mahakama, akawa msajili wa taasisi iliyorithi shughuli za ile mahakama yenu. Moja ya ofisi zake iko Lakilaki, hapahapa Arusha. Mzunguko wa ajabu huo.

Costa Rica nitaipita haraka, muda unanikimbia. Mwaka 1948 walipigana wenyewe kwa wenyewe wiki kama sita, watu kama 2,000 wakafa. Aliyeshinda, José Figueres, akaenda tarehe 1 Desemba kwenye kambi ya jeshi ya Bellavista, jijini San José, akachukua nyundo kubwa, akaupiga ukuta. Jeshi basi. Kambi ikawa makumbusho ya taifa, na katiba ya 1949 ikaandika hivyohivyo, ibara ya 12. Wenye wivu wanasema aliogopa jeshi lisije likampindua yeye. Yawezekana! Hata mimi ningeogopa. Lakini angalieni ratiba: nyundo tarehe 1, na kabla mwezi haujafika nusu wapinzani wake wakavamia kutokea Nicaragua. Siku kumi tu picha ile ikaletewa ankara. Wakaenda kulia kwa jumuiya ya nchi za Amerika, wakasaidiwa, wavamizi wakarudi. Ilijirudia 1955. Ndipo mwaka 1987 rais wao, Óscar Arias, alipowaweka mezani marais wenzake wanne wa Amerika ya Kati, eneo zima likiwaka vita na Marekani ikiwa na mkono wake humo, wakatia saini mpango wa amani tarehe 7 Agosti. Nobel akapewa yeye mwaka uleule. Katika watano wale, ni yeye peke yake ambaye hakuna mtu angemuuliza, “Na jeshi lako wewe?”

Nimeletewa vikaratasi hapa kabla sijapanda, na vitatu vinauliza kitu kimoja: na Rwanda je? Mlijua tu mtanitia matatani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi mambo yamebadilika kidogo, hata chema kinanunua tangazo. Mwaka 2018 maneno “Visit Rwanda” yalitokea kwenye mkono wa jezi ya Arsenal. Nchi iliyo ndogo kuliko mkoa wa Arusha ikawa kila wiki sebuleni kwa watu duniani kote. Na haikuwa jezi tupu. Wanawake ni zaidi ya asilimia 60 ya wabunge wao wa baraza la chini. Askari wao wako Jamhuri ya Afrika ya Kati, na tangu 2021 wako Cabo Delgado, Msumbiji, jirani na Mtwara yetu. Hivyo navyo viliingia kwenye sura ile. Halafu Januari 2025 waasi wa M23 wakachukua Goma, mashariki mwa Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda inawaunga mkono, Rwanda inakana. Hapa sikuja kuamua kesi. Nataka mtazame alichofanya waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, mwezi uliofuata. Aliziandikia klabu: Arsenal, Bayern Munich, Paris Saint-Germain. Aliziambia ziachane na mikataba ile. Nchi kubwa iliyozidiwa vitani ikatafuta pa kumgusa jirani mdogo, ikapaona kwenye mkono wa jezi! Ukishakuwa na sura, ndugu zangu, unakuwa pia na mahali pa kupigwa. Mwenye hundi mkononi si lazima awe rafiki yako. Adui naye anaweza kuipeleka benki.

Kuna mzee pale mbele tangu mwanzo ananitazama kwa jicho la “na sisi je?” Nakuja, mzee wangu.

Sisi hatukuwa wadogo kwenye ramani. Tulikuwa wadogo mfukoni. Mwaka 1963, uhuru wa Tanganyika haujatimiza miaka miwili, Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikapewa makao Dar es Salaam. Nchi iliyokuwa na wahitimu wa chuo kikuu wa kuhesabika ikawa mwenyeji wa kila mwenye kudai nchi yake: Frelimo, ANC na wengine. Ilikuwa sura kubwa kuliko mwili.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. OAU ikasema: Uingereza isipouzima uasi huu mpaka 15 Desemba, wanachama wote wavunje uhusiano nayo. Siku ikafika. Mnajua mambo ya siku kufika. Huyu ana mgonjwa, yule ana msiba, mwingine simu haipatikani. Nchi chache zikavunja uhusiano, na Tanzania ilikuwamo. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani kutoka Uingereza ukazuiwa.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipenda kutania kwamba yeye ndiye aliyeivunjia Uingereza uhusiano, kwa sababu mwaka ule shule yake iliahidiwa madawati na madawati hayakuja. Watoto wa darasa la pili waliandika wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni, safu kwa safu, na yeye akipita katikati akiruka miguu yao. Kama madawati yale yalikuwa na uhusiano wowote na mkopo ule, mimi sijui, na sidhani hata yeye alijua. Lakini moyoni mwake alikuwa amelipa. Na Smith akitajwa redioni, baba alikuwa anakohoa kidogo, kama mtu aliyetajiwa mdeni wake.

Nani alilipia? Mwalimu wa shule ya msingi alijiona yumo kwenye risiti.

Sasa mwingine aliyelipa, na huyu mnamjua. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipiga kura kuirudishia China ya Beijing kiti chake: 76 walikubali, 35 walikataa, 17 hawakupiga upande wowote. Balozi wetu pale alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa Zanzibar ambaye hakuwa ametimiza hata miaka thelathini. Magazeti ya Marekani yakaandika kwamba wajumbe wa Tanzania walicheza ngoma ukumbini. Kucheza, kushangilia, kupiga makofi tu, wabishane waliokuwapo. Picha ilishaganda vichwani mwa watu: Mtanzania anacheza mbele ya Mmarekani aliyeshindwa. Na balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile aliitwa George Bush, yule mzee.

Sogeza miaka kumi mbele. Mwaka 1981 Salim, sasa waziri wa mambo ya nje na mtu aliyekwisha kuwa rais wa Baraza Kuu, anagombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim. Na Marekani, wakati huo, makamu wa rais ni nani? George Bush. Wakapiga kura Baraza la Usalama. China ikamwekea Waldheim kura ya turufu. Marekani ikamwekea Salim. Wakarudia. Tena. Tena. Raundi 16! Mpaka Desemba wote wawili wakakaa kando, kazi akapewa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Mimi nilikuwa kijana wakati huo, na tuliifuatilia kwa redio ya mkulima yenye betri zilizokaangwa juani. Kila jioni mtu mmoja anauliza, “Wamempa?” na mwingine anajibu, “Bado, Mmarekani kakataa.” Hakuna aliyesema basi Salim angetulia tu mwaka 1971. Sikumbuki hata mmoja. Alikwenda baadaye kuiongoza OAU miaka 12, 1989 hadi 2001, na Wachina hawakumsahau: mwaka 2019 walimvisha Nishani ya Urafiki.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na yeye ndiye mwenye funguo za ukumbi. Nilikuwa na habari ya Malta na Arvid Pardo, balozi aliyesimama mwaka 1967 akaifundisha dunia kwamba kitanda cha bahari kuu ni mali ya wanadamu wote, nikitaka kuiunganisha na Jaji Warioba wetu aliyekuja kukaa kwenye mahakama ya sheria ya bahari. Hiyo tuiache, mtanialika tena mkinilipia nauli.

Maswali. Yule dada wa nyuma mwenye kitenge cha kijani, nilikuona umeinua mkono tangu tuko Costa Rica, na naona umeandika karatasi mbili. Karibu mbele, mpeni kipaza sauti. Wewe ulikuwa unakataa kwa kichwa muda wote niliposema habari ya Gambia, na mimi nataka kujua kwa nini.